Kutengeneza ua la utepe wa buluu kwa mshindi wa Nane Nane

Ng'ombe au zao lililoshinda kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, linastahili alama inayoonekana toka mbali, na buluu ina asili ya kifalme. Mwaka 1348 hivi Mfalme Edward III wa Uingereza alianzisha daraja la heshima la Garter, ambalo alama yake ni mkanda wa buluu wa kufunga mguuni. Mwaka 1578 Henri III wa Ufaransa akaanzisha daraja la Roho Mtakatifu. Wenye nalo walivaa msalaba uliotundikwa kwenye utepe mpana wa buluu, wakaitwa cordon bleu, yaani utepe wa buluu, jina ambalo baadaye walipewa wapishi hodari. Kwenye maonyesho ya Marekani buluu ni ya kwanza, nyekundu ya pili, nyeupe ya tatu. Uingereza na Canada ni kinyume: nyekundu ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo usitegemee rangi peke yake, andika nafasi.

Kwa ua moja nunua utepe wa satini wenye upana wa sentimita 4: sentimita 60 za marinda na vipande viwili vya sentimita 20 vya mikia. Kata kadibodi mbili za duara, moja ya kipenyo cha sentimita 7, nyingine 6.

Kwenye duara kubwa chora duara la kipenyo cha sentimita 5. Kunja marinda ya sentimita moja na nusu, yote yakielekea upande mmoja, ukingo wa ndani ukikaa juu ya mstari huo, na ushone kila rinda kwa uzi kabla ya kukunja linalofuata. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanavuta utepe ukaze, nao ukingo wa nje unakosa nafasi ya kutanuka, ua linajikunja kama bakuli. Utepe ukibaki, ukate, usiulazimishe kuingia.

Mikia ikate ncha kwa umbo la V, kisha pitisha haraka kando ya mwali wa mshumaa ili isichambuke. Hilo ni kwa satini ya poliesta tu, pamba inawaka. Bandika mikia nyuma, na duara dogo mbele likiwa limeandikwa "WA KWANZA". Andika kwenye karatasi, maana wino wa kalamu husambaa kwenye satini. Gundi iwe tone dogo, ikizidi inapenya na kuacha doa.

Kwa mtu, shona pini nyuma. Kwa ng'ombe usitumie pini: funga ua kwa uzi kwenye kamba ya kichwani, juu ya shavu, ambako ulimi wake haufiki.