Gombe: linda mkate wako kwanza

Mnaopanga kwenda Hifadhi ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuona sokwe, begi lenye mkate au ndizi msiliache ufukweni hata dakika moja. Nyani wa pale hawana haya. Mwenzangu aliinama kufunga kamba za viatu tu, kuinuka akakuta maganda. Kula ndani, mlango umefungwa.

Boti hutoka Kibirizi, jirani na Kigoma mjini. Barabara ya gari hakuna. Julai hadi Oktoba ni kiangazi, njia hazitelezi. Una mafua? Ahirisha safari, hata kama umeshalipia. Sokwe huambukizwa maradhi yetu, ndiyo maana mnavaa barakoa na kukaa mita 10 mbali nao. Na kandambili ziacheni nyumbani, miteremko ile si mchezo.