Somo: Kuivusha begonia, ua letu la ndani, salama kipupwe huku Mbeya na jirani zake

Habari za jioni wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Mvua zimekata, masweta yametoka kabatini, na tangu wiki jana napokea picha za begonia zilizolegea. Tulifanye somo hili sasa, kabla Juni haijatukuta.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana kutolijua kulinipotezea begonia 11 mwaka wangu wa kwanza Uyole. Maelekezo mengi ya maua ya ndani yameandikwa na watu wa Ulaya. London mwezi Desemba urefu wa mchana ni kama saa 8 tu, na nyumba zao zina mitambo ya joto, kwa hiyo wao wanahangaikia mwanga. Sisi urefu wa mchana wa Juni ni zaidi ya saa 11, na jua linachoma. Shida inaanza likizama: mbingu haina wingu, joto lote linapaa, na alfajiri hata maji ya ndoo yanauma vidole. Baridi yetu ni ya usiku. Usiku huo ukikutana na udongo uliolowa, begonia inaoza.

Begonia nyingi tunazofuga ndani asili yake ni misitu ya joto. Rex inatoka Assam, India. Ile ya madoa meupe, maculata, inatoka Brazil. Zinapenda nyuzi 18 hadi 24. Chini ya 15 zinazubaa, chini ya 10 zinaanza kuumia. Sakitu, yaani umande ulioganda, haisubiri: mashina na majani ya begonia yamejaa maji, na maji hayo yakiganda hupasua nyama ya jani.

Hatua ya 1: Pima nyumba yako. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, Kitulo ni 2,600 na huko sakitu ni kitu cha kawaida. Lakini nyumba mbili za mtaa mmoja hazilingani. Weka kipimajoto pale pale chungu kilipo, ukisome alfajiri kabla jua halijachomoza, ndipo baridi inapofika mwisho wake. Ukisoma saa nne asubuhi unajidanganya.

Hatua ya 2: Hamisha. Barazani zitoke zote. Ndani, mchana zikae karibu na dirisha lenye mwanga bila jua kali, jioni uzisogeze mbali na kioo na uzibe upepo wa chini ya mlango. Usiache chungu juu ya saruji tupu. Weka ubao au magazeti yaliyokunjwa. Nyumba ya bati isiyo na dari, tumia chumba cha katikati. Na nawaomba sana: msiwashe jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa eti maua yapate joto. Hewa ile inaua watu usingizini.

Hatua ya 3: Maji. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Upepo wa Julai ni mkavu, juu ya chungu panapauka upesi, nawe unamwagia, kumbe chini bado ni tope. Mizizi iliyopoa hainywi. Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Pakikauka, mwagilia kati ya saa nne na saa sita mchana ili udongo upate kupumua kabla ya usiku. Jioni kamwe. Maji ya tangi la nje usiyatumie yalivyo; ongeza ya moto kidogo mpaka yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga. Majani yakikauka ncha, ni hewa kavu: panga vyungu juu ya sinia la kokoto na maji, kitako cha chungu kisiguse maji. Usinyunyizie majani.

Hatua ya 4: Udongo. Uwe mwepesi: majani yaliyooza, mchanga, pumba za mpunga zilizochomwa. Huku kwetu kwenye volkano tuna mawe mepesi yenye vitundu. Yaponde, changanya, maji hayatatuama.

Mbolea simamisha hadi Septemba. Kubadilisha chungu nako kusubiri.

MASWALI YA WADAU

*Makete: Mwalimu, nilisahau mbili nje. Majani yamekuwa meusi kama yamechemshwa. Nitupe?*
Pole sana ndugu yangu. Usitupe. Ondoa yaliyolainika, kisha bonyeza shina: likiwa gumu, lina uhai. Liweke kivulini, lisipigwe jua la asubuhi ghafla, maji kidogo sana. Subiri mpaka Septemba ndipo ukate tamaa.

*Njombe: Yangu ya maua makubwa imekufa mpaka chini, na ilikuwa ndani.*
Dada, hiyo ni ya kiazi, imelala tu. Ni kama okidi za Kitulo: kiangazi huoni kitu, zimejificha kwenye viazi vyake chini, mvua zikirudi uwanda mzima unachanua. Acha udongo ukauke, weka chungu pasipo baridi kali, rudisha maji kidogo kidogo likichomoza chipukizi.

*Iringa: Rex imebaki na majani mawili, nayo je?*
Rex nayo hupumzika. Tazama tunguu, lile shina nene lililolala juu ya udongo. Likiwa gumu, punguza maji uiache. Usiifukuefukue.

*Tukuyu: Ugonile mwalimu. Majani yana unga mweupe kama sembe.*
Ugonile. Huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Unapenda vyungu vilivyobanana na hewa isiyotembea. Ng'oa majani yaliyoshikwa, uyachome, tenganisha vyungu, fungua dirisha mchana.

*Mbeya mjini: Nimeona maculata nzuri Dar. Naweza kuagiza ije na basi Julai?*
Mdogo wangu, ngoja. Itatoka kwenye joto la pwani, ipande milima usiku kucha, ishuke stendi alfajiri kwenye nyuzi 7 au 8. Lipia sasa ukitaka, ila mwambie muuzaji akutunzie hadi mwisho wa Septemba. Ikifika, usiifungue stendi; ifungulie nyumbani.