Kuunganisha pingili za mgongo kwa michano midogo: namna ya kuipanga kazi thieta ili mgonjwa atoke salama

Assalamu alaykum wenzangu wa thieta. Nimeandika haya baada ya kukaa na kijana wetu mmoja aliyehamia Unguja kutoka Pemba na kupangiwa kesi za mgongo. Kazi ya thieta anaijua vizuri. Kilichokuwa kigeni kwake ni upasuaji huu wa kupitisha skrubu na vyuma kwenye michano midogo, misuli ikisogezwa badala ya kubanduliwa kwenye mfupa. Damu hupotea kidogo na mgonjwa huinuka mapema. Lakini mfupa wenyewe huuoni. Unachokiona ni picha ya eksirei. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye picha, mengine nitayapita.

Hatua ya 1: Maswali wodini

Sukari, presha, mzio, dawa za kuzuia damu kuganda: haya mnayajua. Ongeza mawili. La kwanza ni tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, maana nikotini huzuia mfupa kuunga, na mfupa kuunga ndiyo shabaha ya upasuaji wote. La pili ni dawa za nyumbani. Muulize kwa upole: "Ami, kuna dawa nyengine unatumia, hata ya majani?" Ukimuuliza kwa ukali atakwambia hana.

Hatua ya 2: Picha za kuja nazo

Sikubali picha ya MRI iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp. Hukatwa pembeni, huweza kugeuzwa kulia ikawa kushoto, na pingili za juu hazionekani. Nataka CD au filamu zenyewe, pamoja na eksirei ya kawaida ya kiuno inayoonesha mbavu za mwisho na sakramu kwenye filamu moja. Sakramu ni ule mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu. Mgonjwa akitoka Wete au Mkoani, mpigie kabla hajapanda boti, asije akafika mikono mitupu.

Hatua ya 3: Kumlaza

Kifudifudi, kifua na nyonga juu ya mito, tumbo lining'inie huru. Tumbo likibanwa, mishipa ya damu iliyo ndani ya mfereji wa mgongo hujaa, na damu ikianza kwenye tundu dogo huoni kitu. Macho yasiguse chochote, mabega yasivutwe kupita nyuzi 90, viwiko viwe na sponji. Hakikisha chini ya meza hakuna chuma kitakachoziba picha. Sefazolini (dawa ya kuzuia maambukizo) gramu 2 iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Mgonjwa wa kilo 120 na zaidi hupewa gramu 3.

Hatua ya 4: Kuhesabu pingili

Hapa ndipo nilipopotezea saa nyingi maishani, na hapa ndipo ninapotaka msome polepole.

Aliyeanguka mkarafuuni mara nyingi huwa rahisi: pingili iliyovunjika yenyewe ni alama. Mwenye diski iliyochakaa, yaani ule mto laini ulio baina ya pingili mbili, ndiye anayehitaji hesabu. Vitabu husema kiuno kina pingili 5. Wapo wenye 4, wapo wenye 6, na wapo ambao pingili ya mwisho imeungana na sakramu upande mmoja tu. Castellvi na wenzake waliyapanga maumbo haya mwaka 1984, na si maumbo adimu. Wapo pia wenye ubavu wa 12 mfupi kiasi cha kutoonekana. Basi aliyeandika ripoti ya MRI anaweza kuhesabu kutoka juu, nyinyi mkahesabu kutoka chini, kila mmoja akawa sahihi kwa hesabu yake, na kisu kikaenda kwenye diski isiyo na ugonjwa.

Lilitukuta hilo. Ripoti ilisema L4-L5, yaani diski iliyo baina ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, hesabu yetu kutoka sakramu ikaangukia diski iliyokuwa nzuri kabisa kwa macho. Tulisimama, mgonjwa akiwa amelala tayari, tukaanza upya mpaka ikabainika ana pingili 6 za kiuno. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na siuruki hata kesi ikiwa ndogo vipi.

Hesabu mara mbili, kutoka sakramu kwenda juu na kutoka ubavu wa mwisho kwenda chini, na watu wawili tofauti wahesabu bila kusikilizana. Halafu linganisha maumbo, usilinganishe namba tu: diski iliyobonyea, pingili iliyoteleza mbele, kijiti cha mfupa kilichoota pembeni. Alama hizo zionekane kwenye MRI na kwenye eksirei ya siku hiyo, mahali pale pale. Kisha andika ubaoni kwa maneno: "diski ya pili kutoka sakramu." Mimi namba peke yake siiamini. Namba hubishaniwa, "ya pili kutoka sakramu" kila mtu ataionesha kwa kidole.

Alama ya kalamu kwenye ngozi haitoshi, kwa sababu ngozi huteleza juu ya mfupa, hasa kwa mtu mnene. Wala msitegemee kupapasa ukingo wa mfupa wa nyonga, huo ni wa kukisia. Mpasuaji achome sindano ndefu hadi mfupani, ipigwe picha ya ubavu (ya kutoka pembeni), isomwe kwa sauti, ihifadhiwe. Ndipo achane. Vyombo vikishaingia, piga tena.

Picha ya mbele-nyuma nayo iwe ya kweli. Pingili inatakiwa ionekane kama uso wa bundi: pedikeli mbili (vikonyo vya mfupa vinavyounganisha mwili wa pingili na sehemu yake ya nyuma) ni macho, mwiba wa nyuma ni mdomo, na mdomo ukae katikati ya macho. Bapa la juu la pingili lionekane mstari mmoja. Ukiona miwili, mashine imeinama vibaya. Kiuno kimepinda, kwa hiyo kila pingili inataka mwinamo wake, na S1, pingili ya kwanza ya sakramu, ndiyo inayosumbua zaidi. Usikubali kuambiwa "inatosha, tuendelee."

Hatua ya 5: Sindano na waya

Ncha ya sindano ianzie ukingo wa nje wa pedikeli. Ikishaingia takriban sentimita 2, kwenye picha ya mbele-nyuma isiwe imevuka ukingo wa ndani, na ukigeuza mashine kwa picha ya ubavu iwe imeshapita ukuta wa nyuma wa mwili wa pingili. Ikigusa ukingo wa ndani kabla ya hapo, inaelekea kwenye mfereji wa neva: itolewe, ianzwe upya.

Waya wa kuongozea, ule mwembamba unaopita ndani ya sindano ili skrubu iufuate, ndio unaoniogopesha. Mbele ya pingili kuna mishipa mikuu ya damu, na skrubu inapozungushwa inaweza kuusukuma waya mbele bila mkono kuhisi. Msaidizi mmoja aushike kwa koleo muda wote, picha ya ubavu ipigwe mara kwa mara, na waya utolewe mara skrubu ikishashika.

Umeme pia uwemo kwenye hesabu. Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 tuliukosa kwa takriban miezi 3. Jenereta ijaribiwe asubuhi ile ile, na mashine ya eksirei iwe na betri ya akiba. Picha ikizimika, mkono usimame.

Hatua ya 6: Mionzi

Vaa aproni ya madini ya risasi na kinga ya shingo. Bomba la mionzi liwe chini ya meza. Ukisimama mara mbili ya umbali, mionzi hushuka hadi robo.

Hatua ya 7: Akishaamka

Kabla hajatoka thieta, mwambie: "Bimkubwa, inua kidole gumba cha mguu. Sukuma mkono wangu kwa unyayo." Linganisha na ulichoandika kabla ya upasuaji. Wodini muulize kama anahisi kuguswa baina ya mapaja na kama amekojoa. Mguu uliokuwa na nguvu ukilegea, au mkojo ukigoma pamoja na ganzi ya mapajani, mpigie mpasuaji saa ile ile, hata usiku wa manane. Na kwenye faili usiandike "anaendelea vizuri." Andika saa, mguu gani, na nguvu kiasi gani kati ya 0 (haujongei kabisa) na 5 (nguvu kamili).