Kabla Shangazi hajatoa hela: maswali ya kujibu kabla ya kuwekeza

Shangazi yangu wa Mabawa, hapa Tanga, aliuza kiwanja chake cha Pongwe akapata shilingi milioni 8. Wiki haikuisha, watu watatu wakawa wameshamfuata. Wa kwanza alimwambia anunue vipande, yaani sehemu za mfuko wa pamoja wa uwekezaji, wa pili hisa, wa tatu alikuja na karatasi ya rangi inayoahidi asilimia 20 kila mwezi. Jioni aliniita, tukakaa barazani, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayeyafuatilia haya. Nifanye lipi?" Nilimwomba daftari kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi hasara yangu ya kwanza niliipata kwa sababu sikuandika kitu.

Swali la kwanza halihusu kampuni yoyote, linamhusu mwenye hela: hela hii itahitajika lini? Paa la Shangazi linavuja, na masika hayamsubiri mtu. Mjukuu anaingia kidato cha kwanza Januari. Tukaandika milioni 1.2 ya paa, laki 8 za mjukuu, milioni 1 ya dharura ikae benki. Milioni 8 ikawa milioni 5. Hiyo ndiyo hela ya kuwekeza, na naamini watu wengi huumia hapa kabla hata hawajadanganywa na mtu: wanafunga hela ya ada kwenye kitu cha miaka 10, kisha wanalazimika kukiuza kwa hasara shule zikifunguliwa.

Pili, nani amempa huyu mtu ruhusa ya kukusanya hela zetu? Hapa naomba msome taratibu. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni, na TIN, namba ya mlipakodi, vinaonyesha tu kwamba kampuni imezaliwa, kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti cha kuzaliwa hakimruhusu mtu kuendesha basi la abiria. Mauzo kwa umma ya hisa, vipande na hatifungani (karatasi ya mkopo unaoikopesha taasisi, nayo inakulipa riba) yanasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Benki ziko chini ya Benki Kuu, SACCOS chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Karatasi ya yule wa tatu ilikuwa na namba ya BRELA, TIN na muhuri mkubwa. Tulipotafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya CMSA, halikuwepo.

Tatu, faida inatoka wapi? Mtu akueleze kwa maneno ya kawaida: nani analipa, na anazalisha nini. Tulipiga hesabu ile asilimia 20 kwa kikokotoo cha simu. Milioni 5, ukiiacha ijizidishe mwaka mzima, inavuka milioni 44. Hakuna biashara ya samaki pale Deep Sea wala shamba la mkonge linalofanya hivyo kila mwezi bila kukosa. Wanaokumbuka DECI, ule mpango wa upatu, wanajua lugha yake: ulipanda mbegu, ukavuna, na mavuno yalitoka kwenye mbegu za waliokuja nyuma yako, mpaka ilipozimwa mwaka 2009. Mimi nilinaswa na mpango wa aina hiyo miaka kadhaa baadaye. Miezi miwili nililipwa vizuri, nikaongeza hela, nikamleta na rafiki yangu. Mwezi wa tatu ofisi ilikuwa imefungwa. Hela yangu nimeshaisahau. Ya rafiki yangu sijaisahau.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni la nne: nikitaka kutoka, natokaje? Chukueni mfano wa hapa hapa nyumbani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua miundombinu ya maji, muda wa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili. Kwa milioni 5 hiyo ni shilingi 675,000 kwa mwaka, yaani 337,500 kila miezi sita. Mauzo ya awali yalishafungwa, kwa hiyo anayeitaka leo anainunua Soko la Hisa la Dar es Salaam kutoka kwa anayeuza. Na wewe ukikwama mwaka wa nne, mamlaka hairudishi hela yako kabla ya wakati. Unatafuta mnunuzi sokoni. Kama wakati huo riba za hatifungani mpya zimepanda, yako itashuka bei. Kama zimeshuka, yako itagombewa. Mkumbuke pia kwamba aliyekopa hapa ni mamlaka ya maji na si Hazina, na anategemea makusanyo ya ankara zetu. Naipenda hatifungani hii, lakini kwa hela ambayo kweli inaweza kukaa.

Vipande ni rahisi zaidi kutoka. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, na UTT AMIS, kampuni inayousimamia, sasa ina mifuko kadhaa isiyofanana. Umoja unachanganya hisa na dhamana za riba kama hatifungani, kwa hiyo thamani ya kipande inaweza kuyumba. Mfuko wa Ukwasi umetengenezwa kwa mtu anayetaka kutoa hela ndani ya siku chache. Uliza makato ya kutoka, na uangalie thamani ya kipande ya miaka mitatu iliyopita, si ya mwezi jana peke yake.

Hisa zina mtego wake kwetu. Malori ya saruji yanapita Pongwe yamejaa, mtu anakimbilia hisa za Tanga Cement, iliyoorodheshwa mwaka 2002. Malori hayakuonyeshi madeni. Soma hesabu za mwaka, angalia kama gawio, faida wanayogawiwa wenye hisa, lilitolewa, na uliza nani ana hisa nyingi, maana kati ya 2023 na 2024 umiliki mkubwa wa kampuni hiyo ulibadilika mikono mara mbili. Dalali wa hisa naye ana kamisheni, ukinunua na ukiuza.

Msichanganye haya yote na bima ya amana, kinga ya hela iliyowekwa benki. Tangu 2023 inalinda hadi shilingi milioni 7.5 za mteja benki ikifilisika. Hailindi hisa, vipande wala hatifungani.

Shangazi aliweka milioni 3 Ukwasi, na milioni 2 bado anaifikiria. Wakati wa kujaza fomu alifika sehemu ya mrithi, akaiacha wazi, akasema ataijaza baadaye. Nilimsihi ajaze hapo hapo. Alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika jina la yule mjukuu wa kidato cha kwanza, akamwita ndani amwonyeshe daftari linakaa wapi.