Rokenroli ya Miaka ya 1950 kwa Gitaa Kavu: Anza na Mkono wa Kulia

Tarehe 5 Julai 1954, katika studio ndogo ya Sun jijini Memphis, vijana watatu walirekodi "That's All Right", wimbo ambao Arthur Crudup alikuwa ameurekodi kabla yao mwaka 1946. Scotty Moore alishika gitaa la umeme, Bill Black alishika besi kubwa ya kusimama, ambayo nyuzi zake alizivuta na kuziachia zigonge ubao, na Elvis Presley aliimba huku akipiga gitaa kavu. Mpiga ngoma hakuwepo. Anayeusikiliza wimbo huo kwa makini atatambua kwamba kazi ambayo katika bendi nyingine ingefanywa na ngoma inafanywa na gitaa la Presley pamoja na besi ya Black, na kwamba Moore anapata nafasi ya kupamba kwa sababu wenzake wawili hawayumbi.

Nimeanza na rekodi hiyo kwa kuwa wanafunzi wengi huamini kwamba bila gitaa la umeme na spika yake muziki huu hauwezi kupigwa, kisha hutumia miezi mingi kutafuta noti za solo ilhali mkono wao wa kulia haujui kushika mwendo. Kodi za nyimbo hizi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni chache, na mtu mwenye bidii huzipata ndani ya wiki chache. Kinachoupa wimbo sura yake ni namna mkono wa kulia unavyogonga, unavyonyamazisha na unavyorudia bila kuchoka. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yanaupa mkono huo nafasi kubwa kuliko wa kushoto. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze maelekezo.

Gitaa linalofaa ni lile lenye nyuzi za chuma, kwani nyuzi za nailoni zina sauti laini isiyokata. Nyuzi nyembamba zinazoanzia inchi 0.011 zinamtosha anayeanza. Zile za 0.012 zina sauti nene zaidi, lakini zinaumiza vidole ambavyo bado havijaota sugu. Piki, yaani kipande kidogo cha kugongea nyuzi, isiwe nyembamba mno hata ikapeperuka, wala isiwe ngumu kiasi cha kunasa kwenye nyuzi. Unene wa milimita 0.7 hadi 0.9 unafaa. Gitaa litunwe kwa kawaida, yaani E, A, D, G, B, E kuanzia uzi mnene wa sita hadi mwembamba wa kwanza. Iwapo baada ya kutuni vizuri gitaa bado halilingani na rekodi, usilaumu masikio yako: kanda za zama zile hazikuzunguka kwa kasi moja kila mara, na rekodi kadhaa ziko juu kidogo au chini kidogo ya sauti ya kawaida. Tuni gitaa kwa kuifuata rekodi, na ukimaliza mazoezi ulirudishe.

Aliyepitia kwaya na kujifunza do, re, mi atazielewa kodi kwa haraka. Nyimbo nyingi za rokenroli ya mwanzo zinasimama juu ya kodi tatu, ile ya do, ya fa na ya so, na ukianza na A kama do, kodi hizo ni A, D na E. Kodi ya A hushikwa kwa kukandamiza nyuzi za nne, tatu na pili, zote kwenye freti ya pili (freti ni vipande vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa, na kidole hukandamiza nyuma yake tu). D hushikwa kwa uzi wa tatu freti ya pili, uzi wa pili freti ya tatu na uzi wa kwanza freti ya pili. Badala ya E ya kawaida tumia E7, ambayo inahitaji vidole viwili tu, uzi wa tano freti ya pili na uzi wa tatu freti ya kwanza, na ambayo ina uchachu unaoufaa muziki uliotokana na bluzi. Msomaji aliyekulia katika twisti za Daudi Kabaka za miaka ya 1960 hatakuta jambo geni hapa.

Mpangilio wa kodi unaojitokeza mara nyingi kuliko mingine ni ule wa vipimo 12 vyenye mapigo manne kila kimoja. Hesabu vipimo vinne vya A, viwili vya D, viwili vya A, kimoja cha E7, kimoja cha D, kisha viwili vya A, ukiweka E7 katika nusu ya mwisho ya kipimo cha 12 ili kuitisha ubeti unaofuata. Hesabu hiyo ipigwe kwanza bila kuimba na bila pambo lolote, kodi moja kwa kila kipimo, mpaka mwili ujue wenyewe kwamba D inakaribia. Hata hivyo si kila wimbo unaufuata mpangilio huu, na waimbaji wa wakati huo walirefusha au kufupisha sehemu walipotaka, hivyo ni busara kusikiliza rekodi mara moja au mbili ukiwa umeshika kalamu, ukiandika mahali kodi inapobadilika, kabla hujagusa gitaa.

Sasa tuje kwenye mkono wa kulia. Mdundo wa kwanza wa kujifunza ni ule wa besi na kodi, ambao rokenroli iliurithi kutoka muziki wa kantri. Katika pigo la kwanza na la tatu piki inagonga uzi mmoja mnene, na katika pigo la pili na la nne inafagia nyuzi nyembamba kwenda chini. Ukiwa kwenye A, gonga uzi wa tano katika pigo la kwanza na uzi wa sita katika pigo la tatu. Ukiwa kwenye D, gonga wa nne kisha wa tano. Ukiwa kwenye E7, gonga wa sita kisha wa tano. Fagio la pigo la pili na la nne linapaswa kuwa fupi na kali, kwa sababu hapo ndipo ngoma ndogo ingelia kama ingekuwepo. Ili kulifupisha, legeza vidole vya mkono wa kushoto mara tu baada ya kufagia, bila kuviondoa juu ya nyuzi, na sauti itakatika. Mtu anayeacha kodi zake ziendelee kulia kipimo kizima atapata mwandamano mzuri wa wimbo wa kanisani, lakini hatapata rokenroli.

Mwendo wa "That's All Right" ni wa haraka, na kosa linaloonekana sana ni kuufuata kwa kukaza kiwiko. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, na mkono uendelee kupanda na kushuka hata pale ambapo piki haigusi nyuzi, maana mkono unaosimama ili kungojea pigo huchelewa. Programu nyingi za kuchezea muziki kwenye simu zinaruhusu kupunguza kasi hadi robo tatu au nusu bila noti kushuka. Anza hapo, na uongeze kasi pale tu utakapoweza kuzungumza na mtu huku mkono ukiendelea. Jaribio hilo la kuzungumza si mzaha, kwa kuwa anayeweza kujibu salamu bila mdundo kuvunjika ataweza pia kuimba.

Mdundo wa pili ni wa shafo, na asili yake ni mkono wa kushoto wa wapiga piano wa bugi-wugi, aina ya bluzi ya mwendo wa haraka. Kila pigo ligawanye vipande vitatu vilivyo sawa, upige cha kwanza na cha tatu, na cha kati ukipite kimya. Anayeufahamu mwendo wa chakacha, unaohesabiwa tatu tatu, hatapata taabu kuusikia mgawanyo huo. Kwa mkono wa kushoto huhitaji kodi nzima. Kwenye A piga nyuzi mbili tu, uzi wa tano ukiwa wazi na uzi wa nne ukiwa umekandamizwa kwa kidole cha shahada kwenye freti ya pili. Piga mara mbili, kisha ongeza kidole cha pete kwenye freti ya nne ya uzi uleule, upige mara mbili tena, na urudi. Kwa D umbo ni hilohilo katika uzi wa nne na wa tatu, na kwa E katika uzi wa sita na wa tano, kwa hiyo vidole vinahama uzi bila kubadili freti. Ukingo wa kiganja cha kulia ulale kidogo juu ya daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa, ili nyuzi zisivume sana. Kidole kidogo kikishapata nguvu, kifikishe kwenye freti ya tano ya uzi huo baada ya ile ya nne, na utasikia mnyororo unaotembea chini ya nyimbo nyingi za kipindi hicho.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila wimbo unayumba kwa tatu tatu. Katika rekodi za mwimbaji na mpiga gitaa Chuck Berry mara nyingi ngoma inayumba huku gitaa likigawanya pigo sawasawa katika mbili, na msuguano huo ndio unaoupa muziki wake msukumo. Mwimbaji mwenzake wa zama hizo, Buddy Holly, naye, katika "Peggy Sue" ya mwaka 1957, anapiga piki kuelekea chini tupu, haraka, bila kurudisha juu, na matokeo yake ni ukali ambao mtindo wa chini-juu hauwezi kuutoa. Katika gitaa kavu zoezi hilo linachosha kweli. Lifanye kwa dakika chache tu kila siku, na ukihisi maumivu kwenye mkono acha, usishindane nayo.

Mdundo wa Bo Diddley, mwimbaji na mpiga gitaa mwingine wa kipindi hicho, unastahili siku zake peke yake. Hesabu vipimo viwili vya mapigo manne, ukisema "moja na mbili na tatu na nne na". Katika kipimo cha kwanza piga kwenye "moja", kwenye "na" inayofuata "mbili", na kwenye "nne". Katika kipimo cha pili piga kwenye "mbili" na "tatu" tu. Mapigo hayo matano ni yaleyale ya klave, mdundo wa msingi wa muziki wa Kyuba, ambayo santuri za Kikyuba ziliifikisha Kongo kuanzia miaka ya 1930 na ambayo ikaingia katika rumba, kwa hiyo sikio la msikilizaji wa Afrika Mashariki huwa linaijua kabla mkono haujajifunza. Tofauti ni kwamba Diddley, katika wimbo alioupa jina lake mwenyewe mwaka 1955, haijengi njia ya kodi juu yake; anakaa karibu muda wote kwenye kodi moja na kuuachia mdundo kazi yote. Katika gitaa kavu shika E, piga hayo matano kwa nguvu, na mapigo yaliyo katikati uyajaze kwa kukwaruza nyuzi zilizonyamazishwa. Ukishaumudu, "Not Fade Away" ya Buddy Holly, iliyotoka mwaka 1957, itakuwa rahisi.

Wengi watataka mwanzo wa "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958, na ni haki yao. Chuck Berry alipenda kupiga katika sauti zinazowafaa wapiga piano na tarumbeta, na wimbo huu uko katika B-flati, yaani B-flati ndiyo do yake. Funga kapo, yaani kibanio kinachokandamiza nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza na utumie maumbo ya A, ukihesabu freti kuanzia kwenye kapo. Ugumu uko kwenye kupinda uzi wa tatu. Kwenye gitaa kavu uzi huo umezungushiwa waya na haupindiki kirahisi kama wa gitaa la umeme, hivyo badala ya kuupinda, utelezeshe kidole kutoka freti ya saba hadi ya tisa, kisha upige uzi wa pili kwenye freti ya tano, ambao una noti ileile. Sehemu nyingine nyingi za mtindo wa Berry ni nyuzi mbili za kwanza zikikandamizwa kwa pamoja na kidole kimoja kwenye freti ya tano. Inasikika vizuri hata bila umeme, ilimradi ipigwe kwa ukavu na kwa wakati.

Nyimbo za polepole za mapenzi hazina mengi ya kueleza: njia yao ni do, la, fa, so, yaani C, A maina, F na G, kila kodi ikikaa kipimo kimoja au nusu yake, na piki ikishuka mara tatu katika kila pigo. Kwa F inatosha kushika nyuzi nne nyembamba, na G iguswe kwa uzito kidogo ili kurudi kwenye C kusikike.

Kama una mwenzako wa kupiga naye, wasikilizeni ndugu wawili Don na Phil Everly, ambao katika "Bye Bye Love" ya mwaka 1957 magitaa kavu yako mbele. Msipige umbo moja wawili. Mmoja ashike maumbo ya A bila kapo, na wa pili afunge kapo kwenye freti ya pili na kupiga maumbo ya G, C na D, ambayo hapo yanatoa A, D na E kwa mpangilio tofauti wa noti. Don Everly alipenda pia kutuni gitaa lake katika G ya wazi, ambapo uzi wa sita na wa kwanza hushushwa hadi D na uzi wa tano hadi G, na kidole kimoja kilicholazwa kwenye freti ya tano kinatoa C, kwenye ya saba kinatoa D. Katika mtuno huo kodi inahama kwa kuteleza tu, jambo linalofanya mikato mifupi ya utangulizi, yaani mapigo mafupi ya kupamba, iwe rahisi. Mkikaa wawili, mmoja ashike besi na kodi bila kuiacha kamwe, na mikato ibaki ya mwenzake. Mkibadilishana kazi hiyo, badilishaneni kati ya beti, si katikati yake.