Kuendesha The Lounge ndani ya kontena kwenye seva yako mwenyewe

Mtu anayetumia IRC, mfumo wa soga uliobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988, hukutana mapema na kero moja: kwa kawaida seva za mfumo huo hazimwekei mtu ujumbe uliotumwa wakati hayupo. Kompyuta ikizimwa, au bando likiisha katikati ya mazungumzo, yanayosemwa baada ya hapo yanampita. The Lounge ni programu ya soga inayofunguliwa kwa kivinjari, nayo huondoa kero hiyo kwa kukaa mtandaoni saa zote kwa niaba yako ikiwa kwenye seva yako. Wewe unaingia kwa simu au kompyuta, unasoma yaliyopita, unajibu, kisha unafunga kivinjari na kuiacha ikiendelea kusikiliza.

Unahitaji seva ndogo ya Linux yenye Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena, pamoja na Compose, inayosoma maagizo ya kontena kutoka kwenye faili moja, na jina la kikoa linaloelekezwa kwenye seva hiyo. Kabla ya kuandika amri yoyote ni vyema kuuelewa mgawanyo wa kazi, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Kontena ni chombo cha kutupwa, ambacho hufutwa na kuundwa upya kila unapohamia toleo jipya, ilhali mali yako, yaani akaunti, mipangilio na kumbukumbu za mazungumzo, hukaa katika folda moja tu, ambayo ndani ya kontena huitwa /var/opt/thelounge. Usipoiunganisha na folda ya seva yenyewe, Docker huitengenezea hifadhi ambayo jina lake ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Mimi nilianza hivyo. Nilipobadilisha kontena, jipya lilikuja tupu. Hifadhi ya zamani ilikuwa bado ipo, ila sikulijua hilo, nikaendesha docker volume prune, amri inayofuta hifadhi zisizotumika, ili nipate nafasi kwenye diski, na mazungumzo ya miezi kadhaa yakaenda nayo.

Kwa hiyo tengeneza folda ya kazi, na ndani yake uandike faili liitwalo compose.yaml lenye maneno haya:

services:
  thelounge:
    image: ghcr.io/thelounge/thelounge:4.4.3
    container_name: thelounge
    restart: always
    ports:
      - "127.0.0.1:9000:9000"
    volumes:
      - ./data:/var/opt/thelounge

Namba ya toleo nimeitaja makusudi badala ya kuandika latest, ili programu isibadilike siku ambayo hukujiandaa. Angalia toleo lililopo unapoanza na uliweke hilo.

Mstari wa poti ndio ambao ningependa msomaji asiupite haraka. Ukiandika 9000:9000 bila anwani ya mbele, Docker hufungua poti hiyo kwa dunia nzima, tena hufanya hivyo kwa kuandika kanuni zake yenyewe katika iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, ambazo haziheshimu zile ulizoziweka kwa ufw, programu ya kufunga na kufungua poti. Matokeo yake ni kwamba ufw itakuonyesha kuwa mlango umefungwa, huku mtu yeyote aliye nje akiufungua ukurasa wako wa kuingilia bila usimbaji fiche wowote. Anwani 127.0.0.1 huifanya poti isikike ndani ya seva pekee, na hapo panahitajika bawabu wa kuwapokea wageni wa nje, ambaye tutamfikia punde.

Washa kontena kwa docker compose up -d, kisha utazame docker compose logs ili kuhakikisha kwamba imeanza salama. Folda ya data sasa itakuwa na faili la config.js. The Lounge huanza katika hali ya faragha, yaani hakuna anayeingia bila akaunti, na ni busara kuiacha hivyo hivyo. Ongeza mtumiaji kwa amri ifuatayo:

docker compose exec --user node thelounge thelounge add asha

Neno thelounge limerudiwa kwa sababu la kwanza ni jina la huduma katika compose.yaml na la pili ni programu yenyewe. Utaulizwa neno la siri, ambalo herufi zake hazionekani unapoandika, kisha utaulizwa kama mazungumzo yahifadhiwe kwenye diski, jibu ndiyo. Usiache --user node, kwa kuwa bila hiyo faili la akaunti humilikiwa na root, yaani msimamizi mkuu, na programu, inayoendeshwa na mtumiaji node, inaweza kushindwa kuliandika.

Sasa bawabu. Caddy, programu ya seva ya wavuti, hurahisisha kazi hii kwa kuwa huomba cheti cha HTTPS yenyewe na kukihuisha kabla hakijaisha muda. Ikiwa umeisakinisha kwenye seva hiyo hiyo, nje ya kontena, mistari mitatu katika faili lake la mipangilio inatosha:

soga.example.org {
    reverse_proxy 127.0.0.1:9000
}

Anayetumia Nginx, seva nyingine ya wavuti, ana kazi zaidi kidogo: ni lazima apitishe vichwa vya Upgrade na Connection ili WebSocket, muunganisho wa kudumu kati ya kivinjari na seva, ifanye kazi, na aongeze proxy_read_timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 60, la sivyo muunganisho unaweza kukatika palipo kimya. Kwa vyovyote vile, fungua config.js, badilisha reverseProxy iwe true, kisha uendeshe docker compose restart. Bila badiliko hilo, The Lounge humwona kila mgeni kana kwamba ametoka kwenye anwani moja ya ndani ya Docker.

Ukishaingia, kuunganisha mtandao wa IRC ni jambo jepesi. Kwa Libera.Chat, iliyoanzishwa mwaka 2021 na waliokuwa wasimamizi wa Freenode, mtandao mwingine wa IRC, weka seva irc.libera.chat, poti 6697, TLS (usimbaji fiche wa muunganisho) ikiwa imewashwa, na SASL, njia ya kuthibitisha kwa neno la siri kwamba jina ni lako, ikiwa umeshalisajili. Kumbuka tu kwamba neno la siri la SASL huandikwa wazi katika faili lako lililomo ndani ya data/users, tofauti na lile la kuingilia The Lounge, ambalo huhifadhiwa likiwa limefumbwa. Folda ya data isisomwe na kila mwenye akaunti kwenye seva.

Nakala ya akiba ichukuliwe kontena likiwa limesimama, kwa sababu mazungumzo huwekwa katika hifadhidata ya SQLite, na kulinakili faili lake huku likiandikwa kunaweza kukupa nakala mbovu:

docker compose stop
sudo tar czf lounge.tar.gz compose.yaml data
docker compose start

Fanya hivyo kabla ya kila toleo jipya, ndipo ubadilishe namba katika compose.yaml na kuendesha docker compose pull, kisha docker compose up -d. Nakala hiyo uijaribu angalau mara moja kwenye mashine nyingine, ukiwa umesimamisha kontena la kwanza ili majina yasigongane kwenye mtandao: ifungue, washa kontena, ingia, na usogeze ukurasa juu mpaka uyaone mazungumzo ya jana.