Jinsi ya kuomba kumbukumbu za utumishi na nishani za askari wa miguu wa Jeshi la Uingereza

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta habari za askari wa miguu asiye na cheo kikubwa, aliyelitumikia Jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza au vya Pili vya Dunia.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, tafuta nambari ya utumishi ya askari huyo, kwa sababu jina peke yake halitoshi. Kwa Vita vya Kwanza, nambari hiyo imechongwa kwenye ukingo wa nishani pamoja na cheo, jina na rejimenti. Katika nyota za 1914 na 1914–15, yaani nishani zenye umbo la nyota, imechongwa mgongoni. Nyota na nishani za kampeni walizopewa askari wa Uingereza kwa Vita vya Pili hazikuchongwa majina, kwa hiyo utategemea kitabu cha malipo, barua au hati ya kuachishwa jeshi. Ukikuta nambari mbili, usiharakishe kudhani kwamba ni watu wawili: kabla ya 1920 askari aliyehamia rejimenti nyingine alipewa nambari mpya, na mwaka 1917 askari wa akiba wa Territorial Force walibadilishiwa zao.

Majalada ya Vita vya Kwanza yako wazi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, The National Archives, iliyopo Kew, London, na yanaweza kutafutwa pia kwa intaneti. Anza na majalada ya utumishi katika mfululizo wa WO 363 (WO ni kifupi cha War Office, Wizara ya Vita), kisha majalada ya pensheni ya WO 364. Jiandae kukosa, kwa maana mabomu ya Septemba 1940 yaliteketeza ghala la Wizara ya Vita na zaidi ya nusu ya majalada hayo yakapotea. Kukosekana kwa jalada si ushahidi kwamba mtu hakwenda vitani.

Jalada lisipopatikana, fungua kadi ya nishani katika WO 372. Kadi huonyesha nishani alizostahili askari, na kwa aliyepata nyota huonyesha pia tarehe ya kuingia vitani na alama ya uwanja wa vita, kama vile 2B kwa Gallipoli. Wengi huishia hapa, na kwa maoni yangu wanaacha kazi katikati. Kadi kwa kawaida hutaja rejimenti tu, ilhali rejimenti moja kama Northumberland Fusiliers ilikuwa na batalioni zaidi ya 50 zilizotawanyika huku na huko. Nakili rejea iliyoandikwa kwenye kadi, uifuate hadi orodha ya nishani ya WO 329, ambako mara nyingi utakuta batalioni yenyewe, kisha uagize shajara ya kila siku ya batalioni hiyo katika WO 95. Usitarajie kuliona humo jina la askari wako, kwani maofisa hutajwa kwa majina na wengine huhesabiwa tu kama idadi ya waliokufa au kujeruhiwa. Hata hivyo, shajara itakueleza handaki walilolishika, usiku walioondolewa mstari wa mbele na shambulio walilotumwa, mambo ambayo jalada binafsi huyataja kwa nadra.

Kumbukumbu za Vita vya Pili zimekuwa zikihamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew, hivyo tazama kwanza katalogi ya Kew, na usipoliona jalada upeleke maombi wizarani. Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na nambari, uambatishe nakala ya cheti cha kifo, isipokuwa kama askari alifia jeshini. Thibitisha ada kabla ya kutuma, na usitume hati halisi.

Nishani zina utaratibu wake. Zile za Vita vya Kwanza askari wa kawaida walitumiwa bila kuomba, na serikali haitoi tena mbadala wa zilizopotea. Kwa Vita vya Pili askari wa nchi kavu alitakiwa kuomba mwenyewe, na wengi hawakuomba kamwe. Kwa hiyo familia bado inaweza kuzidai katika Ofisi ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi. Haki hiyo ni ya ndugu wa karibu zaidi kisheria. Usipokuwa wewe, ambatisha ridhaa yake ya maandishi, la sivyo maombi yatarudishwa.